Mombasa hadi Kitui: Nusu Saa au Wiki Nne?

Chora mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka Mombasa hadi mji wa Kitui. Unapata kilomita 350 hivi. Ndege inayokwenda kilomita 700 kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa nusu saa tu. Lakini sisi watu wa Kitui safari ya pwani tunaijua kwa basi, na babu zetu waliijua kwa miguu.

Mwaka wa 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, mwanzoni mwa Novemba. Alifika Kitui kwa Kivoi wa Mwendwa mwishoni mwa mwezi huo. Karibu wiki nne! Katikati kulikuwa na nyika ya Taru, ambako maji ni ya kutafuta, kisha mto Tsavo, mto Athi na mwinuko wa Yatta. Safari haikupimwa kwa kilomita. Ilipimwa kwa maji: leo tunalala wapi, na kesho tutakunywa nini?

Majibu ya maswali hayo walikuwa nayo Wakamba. Misafara yao ilikuwa ikiteremsha pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo na shanga, na Kivoi alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa njia hiyo. Ni yeye aliyemweleza Krapf habari za mlima wenye theluji, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf akauona. Huko London, mwanajiografia Cooley alikataa katakata: eti theluji kwenye ikweta? Jina la mlima ambalo Krapf alilisikia Ukambani ndilo jina la nchi yetu leo. Lakini vitabu vingi vinasema tu Krapf "aligundua", kana kwamba alijipeleka.

Sasa tazama mwaka wa 1851. Krapf alirudi, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Wakavamiwa njiani, Kivoi akauawa. Krapf alibaki peke yake, akijificha mchana na kutembea usiku, maji akiyabeba ndani ya mtutu wa bunduki. Alipowafikia ndugu za Kivoi, walimlaumu kwa kumwacha mwenyeji wake afe.

Nchi ilikuwa ileile, na mito ileile. Kilichopungua ni mtu mmoja aliyeijua njia na kujulikana njiani, na mwendo wa siku chache ukawa wa kufa na kupona.

Kisha reli ikaja. Ilipita Kibwezi na Makindu, upande wa Makueni, ikafika Nairobi mwaka wa 1899. Kitui, iliyokuwa kituo kikubwa cha misafara, ikaachwa kando. Tangu hapo safari inayohesabiwa ni ya Nairobi na Mombasa: treni ya SGR tangu 2017 ni saa tano hivi, ndege haizidi saa moja, na kutoka dirishani Ukambani ni rangi ya kahawia tu.

Siku hizi kuna lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui. Ukipita hapo, ukivuka Athi, jua kwamba nchi hiyo ilivukwa kwa miguu na watu waliojua kila kisima. Kivoi ni jina moja tu lililoandikwa. Wapagazi wake hatujui hata mmoja aliitwa nani.