Vita vya Ruzizi vya 1916 juu ya meza: tusiwasahau wapagazi



Kijana mmoja wa hapa kwetu alinionyesha mchezo anaoutengeneza juu ya kipande cha karatoni. Ruzizi ameuchora kwa kalamu ya bluu, vifuniko vya chupa ndio maaskari, na dadu inaamua nani ameshinda. Anataka uonyeshe vita vya Wabelgiji na Wajerumani kama vilivyokuwa. Nilimsifu, kisha tukaanza kusahihisha.

Michezo ya namna hii si ya watoto tu. Mwaka 1824, afisa wa Prussia aitwaye Reisswitz aliwafundisha maafisa wenzake vita kwa ramani, vipande vidogo na dadu. Mwamuzi peke yake ndiye aliyeona yote. Mchezaji alijua tu yale ambayo mjumbe angeweza kumletea.

Kosa la kwanza la kijana wetu lilikuwa kwenye ramani: alichora barrage. Wakati ule hapakuwa na barrage yoyote. Ruzizi ya kwanza ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II ilianza kazi 1989. Mto wenyewe ulikuwa mpaka na ukuta. Kwenye ziwa, Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi Septemba 1914, kwa hiyo mchezo unahitaji pia mitumbwi.

Tarehe zinajulikana. Aprili 1916, jeshi la Force Publique chini ya Jenerali Tombeur lilianza kusonga mbele. Brigedi ya Molitor ilipita kaskazini, na ile ya Olsen, mzaliwa wa Denmark, ilianzia upande wetu wa Ruzizi. Kigali iliingiwa Mei, Usumbura Juni, na Tabora tarehe 19 Septemba. Kutoka kwetu mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 500 kwa mstari ulionyooka. Maaskari karibu wote walikuwa Waafrika, pande zote mbili.

Kosa la pili ndilo kubwa: hakuweka hata kifuniko kimoja cha mpagazi. Hapakuwa na barabara ya gari, na chakula na risasi vilikwenda kichwani mwa watu. Tupige hesabu. Mpagazi anabeba kilo 25. Akila kilo moja ya unga kwa siku, na akitembea siku 12 kwenda na 12 kurudi, amekula kilo 24. Anayemfikishia askari ni kilo moja tu! Ndiyo sababu inakadiriwa kwamba upande wa Wabelgiji ulitumia wapagazi zaidi ya 200,000 katika vita vile. Wengi walikufa kwa magonjwa, njaa na baridi.

Basi tuliweka sheria mpya. Kila kikosi kikisogea, mchezaji anatoa wapagazi. Wakiisha, anawachukua vijijini, na shamba la kijiji hicho halilimwi tena. Anayechukua chakula cha kijiji leo, akirudi kesho hakuti kitu. Hiyo si hadithi ya kubuni. Huko Bugoyi, kaskazini magharibi mwa Rwanda, njaa iliyofuata vita vile iliitwa Rumanura, na jina hilo linakumbukwa mpaka leo.

Tulipocheza tena, kijana alifika Tabora akashinda. Lakini tulipohesabu vijiji vilivyobaki na watu, alinyamaza. Mama mmoja mhami aliyekuwa ameketi karibu alisema: "Sasa na sisi tumo."

Mchezo unaohesabu bunduki tu unawadanganya watoto wetu kwamba milima hii ilikuwa mitupu. Ukiwa na babu au bibi aliyesimuliwa na wazazi wake habari za kubeba mizigo ya Wazungu, mwulize leo, uandike jina la kijiji na njia waliyopita. Kijana wetu bado ana nafasi kwenye ramani yake.