Mstafeli na Jamaa Yake wa Ohio



Mji wa Reynoldsburg, tunamokutana, una sifa ya mbegu. Ndipo Alexander Livingston alipochagua mbegu za nyanya miaka mingi, hata mwaka 1870 akatoa aina ya Paragon. Mbegu ya nyanya hukaushwa na kuhifadhiwa. Kokwa ya doriani au ya shokishoki ikikauka imekufa. Ndiyo sababu matunda hayo ya shamba la Babu, Unguja, hayakutufuata huku.

Stafeli ni jambo jingine. Asili yake ni Amerika ya joto. Lilivuka bahari hadi pwani yetu, nasi tukaliita letu. Mbegu zake huvumilia ukavu. Nimeziotesha kutoka tunda lililonunuliwa Columbus. Miche hukaa ndani, kwani jalidi huiua. Kuzaa sitarajii.

Lakini katika misitu ya Ohio umo mti wa jamii moja na mstafeli, Wamarekani huuita pawpaw (si papai letu), na mwaka 2009 jimbo lililitangaza kuwa tunda lake la asili. Huu hustahimili theluji, hata ya Buffalo. Mbegu yake haipendi kukauka, nayo hudai baridi yenye unyevu siku 70 hadi 100 kabla ya kuota. Chuo Kikuu cha Jimbo la Kentucky, mjini Frankfort, si mbali na Louisville, huutafiti.

Waliobaki wanaokumbuka kila mti wa shamba lile ni wachache. Shangazi na wajomba, tafadhali tuandikieni majina yake kabla hatujaachana. Mbegu za pawpaw zilizolala jokofuni mwangu tangu Oktoba nitazigawa Jumapili. Kila nyumba ije na kitambaa kibichi.