Uzio wa Mwadui

Barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza hupita Maganzo, mji mdogo uliokua jirani na uzio wa mgodi wa Mwadui. Ndani ya uzio kuna mwamba wa almasi wenye eneo la hekta 146. Nje wapo wabeshi, vijana wanaojipenyeza usiku kusaka mawe, wakijua kuwa wakikamatwa wataitwa wezi.

Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi hapo. Mwanasheria wa Mwanza, I.C. Chopra, akawa mbia wake. Siku hizo almasi karibu zote za dunia ziliuzwa kwa mlango mmoja, London, na ufunguo ulikuwa mikononi mwa kampuni ya De Beers. Bei ilisimama kwa sababu mawe yalitolewa kwa kipimo. Mgodi mkubwa usiotii kipimo hicho ungeiangusha. Williamson aliingia mkataba nao, wakazozana kuhusu bei, naye akazuia almasi zake kwa muda mwanzoni mwa miaka ya 1950 kabla ya kupatana nao tena.

Alifariki Januari 1958. Mwaka huohuo ndugu zake waliuza mgodi: nusu kwa De Beers, nusu kwa serikali ya kikoloni ya Tanganyika.

Kwangu hili ndilo tukio kubwa kuliko ugunduzi wenyewe. Serikali iliyopaswa kuamua kati ya kampuni na washindani wake ikaketi upande mmoja wa meza, ikigawana faida. Nayo sheria ya almasi, iliyoitwa sheria ya kulinda tasnia hiyo, ilifanya kumiliki almasi ghafi bila kibali kuwa kosa la jinai. Mkulima aliyeokota jiwe shambani alikuwa mhalifu kabla hajajua thamani yake.

Njia hiyohiyo ilifika kwenye dhahabu. Bulyanhulu, katika Mkoa wa Shinyanga, wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba kwa miaka mingi. Kampuni ya Kahama Mining, iliyomilikiwa na Sutton Resources ya Kanada, ilipata leseni mwaka 1994, na Agosti 1996 serikali ikawaondoa wachimbaji kwa nguvu. Madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni yalikanushwa na serikali na kampuni. Kampuni ya Barrick iliinunua Sutton mwaka 1999, na mgodi ukafunguliwa mwaka 2001.

Machi 2019 Geita ilifunguliwa soko la dhahabu, na mchimbaji mdogo akapata mahali pa kuuza waziwazi. Ni hatua njema, lakini soko halisaidii asiye na mahali pa kuchimba. Wabunge wetu, kabla ya leseni nyingine kubwa kutolewa katika ukanda huu, itakeni Wizara ya Madini itenge kwanza maeneo ya waliotangulia kuchimba hapo.