Upupu na Habari Zake

Wasikilizaji wetu, mmea ninaotaka kuwaeleza habari zake leo hauna haja ya kutafutwa mbali. Wengi wenu mliujua kwa ngozi kabla ya kuujua kwa macho. Mmea huo ni upupu.

Upupu ni mmea utambaao, wa jamii ya kunde, na kwao ni nchi za joto za Afrika na Asia. Hupanda juu ya vichaka, hutoa maua ya zambarau, kisha maganda yaliyopindika, yenye vinywele vya rangi ya hudhurungi. Maganda yakikauka, upepo hupeperusha vinywele hivyo, hata mpita njia asiyegusa kitu huwashwa. Ndani yake mna kitu kivunjacho protini, nacho ndicho kiwashacho. Hiyo ndiyo ngao ya mbegu.

Watu nao wameutia upupu katika maneno yao. Mtu asiyetulia huambiwa yu kama aliyemwagiwa upupu. Na mtoto aliyepatwa nao hukatazwa asijikune, maana kujikuna huzidi kuvipenyeza vinywele. Tena asifikiche macho, kwani hayo huweza kudhurika.

Mwaka 1754 mmea huu uliandikwa kwa jina la Kilatini alilolitumia Linnaeus, bingwa wa mimea wa Uswidi: pruriens, yaani wenye kuwasha. Katika karne ya 18 waganga wa Uingereza walichanganya vinywele vyake na asali ya miwa, wakawapa wagonjwa ili kuwatoa minyoo. Huko Bara Hindi mbegu zake zimekuwa dawa tangu zamani. Mwaka 1937 wataalamu wa huko walipata ndani ya mbegu hizo kitu kiitwacho levodopa. Na mwaka 1967 daktari George Cotzias, huko Marekani, alionyesha kwamba levodopa huwapa nafuu wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa utetemeshao mikono na kukaza viungo.

Lakini jihadharini! Kitu kile kile kiponyacho hudhuru kikizidi kipimo. Mtu asile mbegu za upupu kwa kubahatisha, wala asizitumie kuwa dawa pasipo daktari.

Basi mkulima aung'oaye shambani na aung'oe ungali mbichi, kabla ya maganda kukauka, naye amejifunika mwili. Lakini asiudharau: adui wa ngozi zetu amewasaidia wengi kushika kikombe bila kumwaga maji.