Fundi, Shule na Karatasi: Njia za Kuchunguza Elimu ya Ujenzi Katika Likasi

Historia ya miji ya shaba ya Katanga imeandikwa zaidi kwa hesabu ya madini kuliko kwa hesabu ya matofali. Lakini hakuna mgodi uliodumu bila nyumba za kuwalaza wachimbaji. Huko Kamatanda, kama katika sehemu nyingine za Likasi, machimbo na makazi yamekuwa majirani. Waliojenga makazi hayo walijifunza wapi, na kwa nani? Na je, mtafiti hujuaje jambo hilo? Makala haya yanaangalia njia tatu za utafiti, na kile ambacho kila njia huonyesha au huficha.

Njia ya kwanza ni ya karatasi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 siasa ya kuwaweka wafanyakazi kwa muda mrefu pamoja na wake na watoto wao. Siasa hiyo ilidai nyumba za kudumu na shule. Wamisionari Wabenedikto, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, walipata nafasi kubwa katika shule za makambi. Kwa hiyo hazina ya maandishi ni ya kampuni, ya misheni na ya serikali. Vitabu vya Bruce Fetter (1976) na John Higginson (1989) vimethibitisha jinsi historia ya wafanyakazi wa Katanga inavyoweza kuchunguzwa kwa kina. Hata hivyo, karatasi ya mwajiri humtaja mwanafunzi kama nguvu ya kazi. Haisemi alimwuliza nani alipokosea kupanga ukuta.

Njia ya pili ni ya vipimo. Mwaka 1946 kituo cha CEPSI kilianzishwa Elisabethville ili kuchunguza matatizo ya jamii ya wenyeji, na miaka ya 1950 Union Minière ilikuwa na shughuli zake za saikolojia na ualimu. Mwafrika alipimwa kwa majaribio ili ijulikane anafaa kazi gani. Takwimu za namna hiyo zina faida, kwani huruhusu kulinganisha. Kasoro yake ni kwamba swali lilikuwa limekwisha kuamuliwa na aliyeuliza: ni nani anafaa, wala si ni nani anajua.

Njia ya tatu ni ya kusikiliza. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian aliihariri na kuichapisha mwaka 1990. Baadaye Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Lubumbashi, alitumia sana ushuhuda wa wafanyakazi na jamaa zao. Kazi hizi hazihusu uashi hasa, lakini zinaufungulia mlango.

Mjadala huo haukuwa wa Katanga peke yake. Huko Uingereza, mwaka 1995, David Seymour na John Rooke waliwalaumu watafiti wa usimamizi wa ujenzi kwa kuiga mno mbinu za sayansi asilia na kuisahau maana ambayo wajenzi wenyewe huipa kazi yao. Trevor Marchand naye alifanya kazi miongoni mwa waashi wa Yemen na wa Djenné, nchini Mali, akajifunza kwa mikono. Vitabu vyake vilitoka mwaka 2001 na 2009.

Hapa lugha inaingia. Katika Kiswahili, fundi, kufunda, kufundisha na mafundisho ni maneno ya shina moja. Anayejua kazi na anayeitoa kwa wengine hawatengwi na msamiati. Kifaransa humtenga mwashi na mwalimu. Kwa sababu hiyo, mtafiti anayehoji kwa Kifaransa huenda akajibiwa habari za shule na cheti. Akihoji kwa Kiswahili cha Katanga, huenda akajibiwa habari za mtu. Uchaguzi wa lugha ya mahojiano ni sehemu ya mbinu yenyewe.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Likasi. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, Likasi ikiwamo. Kati yao walikuwamo wafanyakazi wa migodi na reli pamoja na watoto waliozaliwa huko. Kumbukumbu ya kazi iliondoka pamoja nao. Mtafiti anayewahoji waliobaki tu ataandika historia iliyopunguzwa na fujo hiyo, hata kama kila neno aliloambiwa ni kweli.

Basi njia hizi tatu zisitenganishwe. Karatasi itoe tarehe, vipimo vitoe wingi, na sauti ya fundi itoe maana. Lakini karatasi hungoja katika makabati, wazee hawangoji. Utaratibu wa kazi uanzie kwao, wa Likasi na wa Kasai pia.