Kiwavi wa Chakula Kimoja

Leo tuache kidogo mbolea na bei ya mazao. Nataka nikupe habari ya gugu moja na kiwavi mmoja, tena wa nchi za mbali, Marekani ya Kaskazini. Najua ukisikia neno kiwavi mkono wako unaanza kutafuta dawa. Ngoja kwanza. Kiwavi huyu hali mahindi wala maharage. Chakula chake ni gugu, na historia yake ni historia ya palizi: jinsi wakulima walivyopalilia zaidi ya miaka mia moja bila kulimaliza gugu hilo, halafu wakakaribia kulimaliza mashambani kwa miaka kumi tu.

Gugu lenyewe Wamarekani wamelipa jina lenye maana ya gugu la maziwa. Ukivunja jani lake, hapo hapo hutoka utomvu mweupe unaonata. Ndani ya utomvu mna sumu. Ng'ombe au kondoo akilila kwa wingi huugua, pengine hufa, na hata likikauka ndani ya majani ya malisho sumu haiishi. Kwa hiyo mfugaji wa kule hakuwa na sababu ya kulipenda.

Mwenye shamba naye alikuwa na lake la kulalamika. Plau za chuma, kama zile alizoanza kutengeneza John Deere mwaka 1837, zilisaidia kupindua mbuga za nyasi za katikati ya Marekani zikawa mashamba. Mimea mingi ya mbugani ilikwisha, lakini gugu la maziwa lilistahimili. Mizizi yake hutambaa chini ya udongo, na kipande kilichokatwa huchipua tena. Wewe unayepigana na ndago kila mwaka unaelewa ninachosema. Palilia kwa jembe, palilia kwa trekta, baada ya majuma machache lipo. Basi katika mashamba ya mahindi likawa linasimama hapa na pale, si kwa wingi wa kuua mazao, ila la kutosha kumkera mwenyewe.

Sasa tuje kwa kiwavi. Mama yake ni kipepeo mkubwa wa rangi ya chungwa mwenye mishipa myeusi mabawani. Kwa Kiingereza anaitwa monarch, yaani mfalme. Jike hutaga yai moja moja, kwa kawaida chini ya jani la gugu la maziwa, maana mtoto akianguliwa penye mmea mwingine atakufa njaa. Yai huanguliwa baada ya siku 4 hivi. Kiwavi akiwa bado mdogo kabisa, utomvu ule unaweza kumgandisha kinywa akafa papo hapo. Afanyeje? Hutafuna kwanza mduara mdogo juu ya jani, maziwa yakamwagika, ndipo anakula katikati ya mduara. Akishakua hukata mshipa mkuu wa jani. Jani linalegea, utomvu unakoma, anakula kwa raha. Katika majuma 2 hivi uzito wake huongezeka kiasi cha mara 2,000. Ndama wako angekua namna hiyo, zizi lingepasuka.

Sumu haimdhuru. Huihifadhi mwilini, na kipepeo hutoka nayo. Miaka ya 1960 mtaalamu Lincoln Brower na wenzake walilithibitisha jambo hili kwa njia ya ajabu kidogo. Kwa kuchagua vizazi kwa subira, walipata viwavi wachache waliokubali kula kabichi. Kwa hiari yao hawaigusi, lakini mambo ya maabara ni mengine. Vipepeo waliotokana na kabichi waliliwa na ndege bila taabu. Waliotokana na gugu la maziwa walimfanya ndege atapike, na tangu hapo ndege yule akiona tu rangi ya chungwa aligeuza kichwa.

Kuna wakati gugu hili lilipandishwa cheo, tena kwa ajili ya kitu unachokijua wewe wa pwani: usufi. Jaketi za kuelea majini za mabaharia zilikuwa zikijazwa usufi, na mwingi ulitoka kisiwa cha Java. Mwaka 1942, katika Vita Kuu ya Pili, Wajapani waliiteka Java na usufi ukakatika. Wamarekani wakakumbuka kwamba mbegu za gugu la maziwa nazo zina nyuzi nyeupe laini, nyepesi, zisizoshika maji upesi. Watoto wa shule wakatumwa maporomokoni na pembezoni mwa mashamba kukusanya vifuko vya mbegu. Waliambiwa kwamba magunia mawili yanatosha jaketi moja, yaani uhai wa mtu mmoja. Kiwanda cha kuzichambua kilikuwa mji wa Petoskey, jimbo la Michigan. Vita vikaisha, na gugu likarudi kuwa gugu.

Muda wote huo hakuna mtaalamu aliyejua vipepeo hawa wa upande wa mashariki wanakwenda wapi baridi ikiingia. Mkanada Fred Urquhart na mkewe Norah walitumia miongo kadhaa kuwabandika vipepeo alama ndogo za karatasi na kuomba watu watoe taarifa wakiwaokota. Jibu lilipatikana Januari 1975, katika milima ya Mexico, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Ken Brugger na Catalina Aguado, waliokuwa wakimsaidia Urquhart, walikuta mamilioni ya vipepeo wameng'ang'ania miti jamii ya misonobari. Wanakijiji wa pale, bila shaka, walikuwa wakiwaona kila mwaka, hakuna aliyewauliza. Kizazi kimoja huruka zaidi ya kilomita 3,000 kwenda kule. Machi huanza kurudi, hutaga kusini mwa Marekani, hufa, na watoto na wajukuu ndio wanaoendelea kaskazini, wakitafuta gugu la maziwa njiani kote.

Hapo, ndugu yangu, ndipo palizi inaporudi. Dawa ya kuua magugu iitwayo glaifoseti ilianza kuuzwa mwaka 1974 kwa jina la Roundup. Mwanzoni ilikuwa na kikwazo kimoja: ukiipulizia juu ya mahindi, inaua na mahindi. Mwaka 1996 zikaingia sokoni mbegu za soya zilizobadilishwa ili zisidhurike na dawa hiyo, na mwaka 1998 za mahindi. Sasa mkulima aliweza kupuliza shamba zima, mazao yakabaki yamesimama. Dawa hii hushuka mpaka mizizini, kule ambako jembe halikufika. Katika jimbo la Iowa, mwaka 1999 gugu la maziwa lilionekana katika mashamba 51 ya mahindi na soya kati ya kila 100. Mwaka 2009 yalikuwa 8.

Unaweza kusema, si limebaki barabarani na maporini? Limebaki. Lakini watafiti walipohesabu mayai, waligundua kwamba gugu lililo ndani ya shamba lilikuwa na mayai karibu mara 4 kuliko lililo nje. Kumbe yale mashamba yenye kero ndiyo yaliyokuwa malezi makubwa ya kipepeo.

Kule Mexico vipepeo hupimwa kwa ukubwa wa eneo la msitu wanalofunika. Msimu wa 1996 hadi 1997 walifunika hekta 18 hivi, yaani kama ekari 45. Msimu wa 2013 hadi 2014 walifunika hekta 0.67, ekari moja na theluthi mbili. Msimu wa 2024 hadi 2025 ilikuwa hekta 1.79. Wataalamu hawakubaliani juu ya uzito wa kila sababu; ukataji wa miti Mexico na ukame vimo pia. Mimi naona hesabu ya Iowa ni vigumu kuipita bila kuitazama.

Mkulima wa Iowa simlaumu. Alitaka shamba safi, kama wewe. Lakini mzigo umehamia kwa wenye bustani za nyumbani. Shirika la Monarch Watch, lililoanzishwa mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Kansas, lilianza mwaka 2005 kuandikisha bustani zilizopandwa gugu la maziwa kwa makusudi. Jimbo la Ontario, Kanada, lililokuwa limeliweka katika orodha ya magugu yanayotakiwa kung'olewa kwa sheria, lililiondoa mwaka 2014.

Hata hapo lilitokea kosa. Wengi walinunua aina ya nchi za joto, yenye maua mekundu na njano, kwa kuwa inapendeza na hupatikana kirahisi. Katika majimbo ya kusini aina hiyo hainyauki wakati wa baridi. Vipepeo wengine wakaacha safari, wakabaki wakitaga mwaka mzima juu ya majani yale yale. Kuna kimelea kidogo sana ambacho kipepeo hukiacha juu ya jani, na kiwavi hukila pamoja na chakula. Gugu la kawaida likinyauka, vimelea hupotea nalo. Hili lisilonyauka likayalimbikiza maradhi. Sasa wenye bustani wa kule hushauriwa kulikata mpaka chini kila vuli, au kupanda aina ya kwao.

Kabla hatujaagana: ndugu yake kipepeo huyu yupo kwetu Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1970 mtaalamu David Smith alimchunguza pale Dar es Salaam. Naye ni wa rangi ya chungwa, mdogo kidogo, na watoto wake hula mimea ya utomvu mweupe ya ukoo ule ule. Wana milia nyeusi, nyeupe na njano, wala hawana habari na mahindi yako. Viwavijeshi ni wengine kabisa. Ukimkuta kwenye kichaka cha ukingoni, hesabu vipembe vyake laini vyeusi. Wa Marekani ana jozi 2. Wa kwetu ana jozi 3.