Meza ya Chai Mpakani: Habari za Sambusa, Skonzi na Lugha Yetu

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Tuseme walimu wa Kiswahili wa Dabani, upande wa Uganda, jirani na mji wa Busia, wamekutana kupanga tafrija ya chai ya kuadhimisha Siku ya Kiswahili, tarehe 7 Julai. Wenzao wa Tororo wamealikwa, na wa Busia ya Kenya watavuka mpaka. Mmoja amesimama ubaoni na chaki mkononi, naye anaandika kila kinachotajwa: chai ya maziwa, sambusa, bajia, kachori, chapati, skonzi, keki, sandwichi, biskuti. Orodha inapokwisha, mwalimu mmoja mkongwe anakohoa kidogo, kisha anauliza: "Ndugu zangu, katika vyote hivyo ni kipi kilicho chetu? Mwacha mila ni mtumwa. Yaani Siku ya Kiswahili tuwalishe wageni vya Wahindi na vya Wazungu?"

Swali hilo si la mzaha, wala halifai kumalizwa kwa kunyosha mikono. Katika makala haya tunakusudia kulijibu kwa njia ya historia, kwani ile orodha ya ubaoni ni hati kama hati nyingine: ukijua kuisoma, itakueleza nani alikuja, kwa njia gani, nani alikula na nani alipika.

Tuanze na chai yenyewe. Mti wake asili yake ni Uchina, na majina yake duniani yalitoka huko kwa njia mbili. Waliolipata jina katika bandari za Fukien walisema "te", na ndilo lililowafikia Waingereza. Waliolipata kwa njia ya bara, wakiwamo Waajemi na watu wa Bara Hindi, walisema "cha" au "chai". Kiswahili kilifuata njia hii ya pili. Kwa hiyo, ijapokuwa ni Waingereza walioanzisha mashamba makubwa ya chai katika Afrika ya Mashariki, jina tulilolishika si la kwao. Ni la wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi.

Katika nchi ya Kenya mche wa chai ulipandwa kwanza Limuru mwaka 1903. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaingia Kericho, na kwa muda mrefu mkulima Mwafrika hakuruhusiwa kuupanda. Alichuma majani ya shamba la mwingine. Ilikuwa katika miaka ya 1950 ndipo wakulima wadogo walipoanza kupewa nafasi, na Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya ikaundwa mwaka 1964. Hivyo wengi wa wazee wetu waliijua chai kama kazi kabla ya kuijua kama starehe.

Sambusa ni mgeni wa zamani zaidi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja, alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Miaka michache baadaye alikuwa Delhi, katika utumishi wa Sultani Muhammad bin Tughluq, na huko aliona mezani mikate myembamba iliyofungiwa nyama ya kusaga, lozi, vitunguu na viungo, akaitaja kwa jina lililo karibu sana na letu. Jina hilo ni la Kiajemi, likaenezwa na Waarabu. Ndiyo sababu mtu wa pwani husema sambusa, ilhali Mhindi husema samosa. Msomaji atazame jambo hili kwa makini: pwani chakula hiki kilikuwa cha baharini, lakini huku bara kililetwa na reli.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Waliletwa vibarua elfu 32 hivi kutoka India iliyotawaliwa na Waingereza. Karibu 2,500 kati yao walikufa kazini, na wengi wa waliosalia walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Nyuma ya reli, na pengine mbele yake, walikuja wenye maduka. Aliyejulikana zaidi ni Alidina Visram, Mwismaili wa kutoka Kachchh, aliyeanzia biashara pwani na kueneza matawi yake mpaka Uganda kabla ya kufariki mwaka 1916. Baadaye reli ilipotoka Nakuru kupitia Eldoret, ikavuka Malaba na Tororo na kufika Kampala mwaka 1931, Tororo ikawa njia panda ya treni, kwa kuwa hapo ndipo inapochepuka njia ya Mbale na Soroti. Penye njia panda hapakosi duka, na penye duka hapakosi jiko.

Mpaka nao ni mtoto wa zama hizo hizo. Hadi mwaka 1902 mkoa wote wa mashariki wa Uganda, kufika Naivasha, ulihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo ukahamishiwa himaya ya jirani, ile iliyokuja kuitwa Kenya, na Wasamia na Wateso wakajikuta wamegawanywa na mstari wasiouchora. Kwa hiyo wageni wanaotazamiwa kutoka ng'ambo ya Busia huenda ni shemeji na wajomba za wenyeji wao.

Na vyakula vya Wazungu vilitoka wapi? Desturi ya chai ya alasiri, pamoja na vitafunio vyake, ilienea Uingereza katikati ya karne ya 19. Husemekana kuwa Anna, mke wa mtawala wa Bedford, ndiye aliyeianzisha mnamo mwaka 1840. Ilifika kwetu katika masanduku ya maofisa wa serikali na wamisionari. Katika mashariki ya Uganda walikuwako Mapadri wa Mill Hill, chama kilichoanzishwa London, waliofika nchini mwaka 1895. Palipojengwa misheni palijengwa na tanuri ya mkate.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha habari. Meza hizo mbili, ya Mhindi na ya Mzungu, Mwafrika hakukaribishwa kuziketi. Klabu za Wazungu zilikuwa za Wazungu peke yao, na nyumba ya mwenye duka nayo ilikuwa na mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Lakini nani aliyekanda unga? Nani aliyechochea moto, akakata vitunguu, akakunja sambusa pembe tatu, akageuza chapati juu ya kikaango? Alikuwa mpishi, mtu wa kwetu, ambaye jina lake halikuandikwa popote. Yeye aliingia kwa mlango wa nyuma, akatoka na ujuzi. Na alipofika nyumbani hakuiga tu, bali alibadilisha.

Ushahidi wa mabadiliko hayo umo katika lugha, na sisi walimu yatupasa kuwa wa kwanza kuuona. India, kachori ni andazi la unga lililojazwa dengu au viungo. Kwetu kachori ni tonge la viazi vilivyopondwa, likachovywa katika uji mzito wa unga na kukaangwa. Jina limebaki, chakula kimebadilika. Chapati ya India ni mkate mwembamba, mkavu, usiokunjwa. Yetu hupakwa mafuta, ikaviringwa na kusukumwa tena hata ikawa na matabaka, na huko India ingeitwa kwa jina jingine. Skonzi nayo ilitoka katika neno la Kiingereza lililo katika wingi. Masikio yetu yaliichukua ile herufi ya wingi kuwa sehemu ya neno, nasi tukapata skonzi moja na skonzi kumi. Tena skonzi ya Mwingereza haina hamira, ilhali ya kwetu ni kimkate laini kilichoumuka.

Lakini ushahidi ulio mkubwa kuliko yote umo ndani ya birika. Ingia katika mkahawa wowote wa Uganda uagize chai. Utaulizwa: ya Kiingereza au ya Kiafrika? Ya Kiingereza ni majani ndani ya maji ya moto, na maziwa pembeni. Ya Kiafrika ni maziwa, maji, majani na tangawizi vilivyochemshwa pamoja katika sufuria moja. Basi hiyo inayoitwa ya Kiafrika ndiyo ile ile waliyoipika Wahindi! Wenyeji wameipika kwa muda mrefu kiasi cha kuipa jina lao wenyewe, na hakuna aliyeona ajabu.

Hata hivyo tusiifanye historia kuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Mwezi Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na makumi ya maelfu wakaondoka, wakiwamo waliozaliwa Tororo na Mbale na wasioijua nchi nyingine. Waliambiwa kuwa wao ni wageni. Viwanda vya sukari vya Lugazi, kilichoanzishwa na Nanji Kalidas Mehta mwaka 1924, na cha Kakira cha Muljibhai Madhvani cha mwaka 1930, vikadhoofika mpaka karibu kusimama. Sukari ikawa bidhaa ya kuvushwa usiku, na neno letu la Kiswahili, magendo, likawa jina la maisha ya Uganda nzima. Chai ikanywewa bila sukari katika nchi iliyojaa miwa. Sambusa haikufukuzwa, waliofukuzwa ni jirani walioileta. Baadhi yao walirejea katika miaka ya 1980 na 1990, na viwanda vile vikafufuliwa, lakini wengi hawakurudi.

Sasa turudi kwa yule mwalimu mkongwe na swali lake. Tunamheshimu, na methali yake ni ya kweli. Lakini tunamwomba akumbuke kwamba neno "kigeni" limewahi kutumiwa juu yetu pia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana William Gowers alipotaka Kiswahili kitumike zaidi katika shule za Uganda, Kabaka Daudi Chwa alipinga, na maaskofu wakapinga vilevile. Walisema kuwa ni lugha ya kigeni. Mwaka 1973 Idi Amin yule yule, aliyewafukuza watu kwa ugeni wao mwaka mmoja kabla, aliitangaza lugha hiyo kuwa ya taifa. Mwaka 2005 katiba ikaifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza ifundishwe kwa lazima shuleni. Kiswahili kilifika bara kwa njia zile zile: kwa misafara, kwa reli, kwa duka, kwa jeshi, na kwa jiko, ambako mpishi na mke wa mwenye duka hawakuwa na lugha nyingine ya kusikilizana. Mwalimu wa Kiswahili wa Dabani akiikataa sambusa kwa kuwa ni ngeni, atakuwa amemwazima mpinzani wake fimbo ya kumpigia.

Ushauri wetu, basi, ni kwamba orodha ile ibaki ubaoni, ila ipangwe kwa adabu na ikamilishwe. Chai iwe ya namna mbili, kila moja katika birika lake. Sambusa za nyama zikaangwe mbali na za mboga, na kila namna iwe na sinia yake, ili asiyekula nyama ale bila shaka moyoni. Na nyama iwe imechinjwa kwa namna itakayowaridhisha Waislamu. Vya chumvi vitangulie, keki na biskuti zifuate. Kando yake viwekwe vya shamba: mihogo, viazi vitamu, njugu na simsim. Visiwekwe ili kuwashinda vile vingine, bali vikae navyo. Na kabla watu hawajanyosha mikono, mwanafunzi mmoja asimame aeleze kila jina limetoka wapi, na amtaje yule mpishi asiyeandikwa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji amsahau mgeni akishapona. Mwacha mila ni mtumwa, kweli. Lakini kumkumbuka aliyekufundisha kupika nako ni mila.